Mishale Niliyoichoma

Mjomba wangu alikuwa fundi wa mishale ya matete. Nasema alikuwa, ingawa mwenyewe yuko hai na sasa hivi ninapoandika ameketi upande wa pili wa ukuta, nasikia kikohozi chake. Kilichokwisha ni mishale yake. Nataka kuandika jinsi ilivyokwisha, kwa sababu mimi nilikuwemo, na sijamwambia mtu habari hii yote kwa mdomo. Kwa mdomo siwezi. Wanaonijua wanajua hivyo.

Nilikuja kwake Kiringye kutoka Uvira baada ya mto kushuka mlimani na mawe na kuchukua nyumba yetu. Mama alibaki mjini kwa dada yake pamoja na wadogo zangu. Mimi nilipelekwa kwa kaka yake, kwa kuwa nilikuwa mkubwa, nimemaliza shule ya msingi, na sikuwa na la kufanya. Mjomba na mkewe walikuwa peke yao. Binti zao waliolewa upande wa Kamanyola. Siku niliyofika alinisogelea karibu sana kunitazama, kwa macho ambayo tayari yalikuwa na utando mweupe kama maji ya kuoshea mchele.

"Huyu anafanana na mama yake," alisema. "Ila huyu walimfunga mudomo."

Mkewe akacheka. "Afadhali. Weye unasemea watu watatu."

Nilijifunza kazi yake bila kuamua kujifunza. Matete tuliyakata ukingoni mwa mto Ruzizi wakati wa kiangazi, yakiwa ya njano, na hatukuingia mle kabla jua halijapanda na viboko kurudi majini. Tulichagua yenye unene wa kidole cha mwisho. Nyumbani tuliyafunga kifurushi na kuyalaza juu ya dari ya jikoni, mahali moshi unapopita, yakakaa huko mwezi mzima. Baada ya hapo ilianza kazi ya kunyoosha. Tete haliko sawa hata siku moja. Kila kifundo kinakwenda upande wake. Unakishika kifundo juu ya makaa mpaka vidole vinakataa, unakikunja kidogo kinyume na kombo lake, unakishikilia mpaka kipoe, halafu unaliinua tete mbele ya jicho moja na kutazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha kifundo kingine. Tete moja lina vifundo sita au saba.

Mbele ya tete, kwa kuwa ni jepesi na tupu ndani, tulichomeka kipande cha mti mgumu chenye urefu wa shibiri moja, kimechongwa ncha na kukaushwa kwenye moto mpaka kikawa cheusi. Hatukuweka chuma. Nyuma yaliingia manyoya matatu ya kanga au ya kuku. Na kila kitu kilifungwa kwa kano ya mgongo wa ng'ombe, tuliyoipata buchani, tukaikausha na kuichana nyuzi nyembamba. Kano hutafunwa kwanza mpaka ilainike. Ukiizungusha ikiwa na mate inashika, na ikikauka inakaza kuliko kamba yoyote. Juu yake tulipaka utomvu wa mti uliochanganywa na unga wa makaa.

Sehemu niliyoipenda ni kutafuna kano. Mtu mwenye kano mdomoni haulizwi maswali.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mjomba hakulilegeza. Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto. Mwaka wa kwanza shuleni mwalimu alinichapa mkono huo kwa fimbo ya mti wa muhogo mpaka nikajifunza kuandika kwa kulia, na ndiyo maana hata leo naandika polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kutafuta mawe. Mjomba hakunichapa. Aliushika tu mkono wangu wa kushoto, akautua juu ya goti langu na kuupigapiga kidogo, kama unavyomtuliza mbuzi.

"Kwetu kano inazunguka hivi," alisema, na akaonyesha. Ukishika mshale manyoya yakiwa upande wako, kano yao inakwenda kama mtu anayefunga kifuniko cha chupa. Mimi nikitumia mkono wa kushoto inakwenda kama anayekifungua. "Baba yangu alikuwa anaokota mushale porini, anaupitishia kidole hapa, anasema huu ni wetu, huu si wetu. Hakuwa na haja ya kuutazama."

Basi mbele yake nilifunga kwa kulia, taratibu, na vibaya.

Mteja wake mkubwa alikuwa jirani yetu mmoja, mwanamume mwenye mashamba ya muhogo kwenye miteremko, ambaye aliyalinda dhidi ya nguruwe wa porini na kuwinda kanga. Bunduki ni za wengine huku kwetu, na mtu mwenye busara hataki kuonekana na kitu kinachofanana nazo. Hata mishale aliipitisha kwenye kizuizi cha barabarani ikiwa ndani ya mzigo wa miche ya muhogo. Alikuwa mtu wa utani. Siku moja alikuja na simu yake, amepewa picha za video na rafiki wa Uvira, akanionyesha mzee mmoja wa kabila la Apache, huko Amerika, akitengeneza mishale. Nilishangaa. Tete lile lile. Kipande cha mti mgumu mbele. Manyoya matatu. Na mzee yule alikuwa na kano mdomoni.

"Muzee, wamekuiba!" jirani alimwambia mjomba. "Wamekuja huku wakachukua kazi yako wakaipeleka Amerika!"

Mjomba alisogeza simu mpaka ikagusa pua yake. Hakuona kitu. Akanigeukia. "Weye sema. Anafanyaje?"

Nilimwambia, sentensi mbili tatu. Alitaka zaidi. Tete lake nene kiasi gani? Anatumia manyoya ya ndege gani? Na mwisho akauliza: "Kano anaizungusha upande gani?"

Sikuwa nimeangalia. Nilisema sijui.

"Hicho ndicho cha kuangalia," alisema, akarudisha simu.

Muuguzi wa kituo cha afya alisema macho yale yanaweza kufanyiwa upasuaji Bukavu. Tulipanga kwenda baada ya mavuno, halafu barabara ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, na mjomba akaacha kuizungumzia. Utando ukawa mnene. Lakini kila asubuhi alikaa mbele ya makaa yake na kisu chake, kama kawaida. Vidole vyake vilijua kazi yote isipokuwa moja. Kunyoosha tete ni kazi ya jicho. Yeye aliliinua tete mbele ya uso, akafumba jicho moja kwa mazoea, akalishusha akiwa ameridhika. Mimi niliketi kando yake nikaona tete limekunjika kama mkia wa mbwa. Na kwa kuwa hakuona rangi yake kwenye moto, mara nyingine alilichoma kupita kiasi, vifundo vikawa vya kahawia, na tete lililoungua hivyo hupasuka.

Niliona, nikanyamaza.

Mvua za kwanza zilipoanza, jirani alikuja wakati mjomba yuko kanisani na mkewe. Hakuwa na utani siku hiyo. Aliweka mishale mitatu chini, akafungua kitambaa kilichofunga kiganja chake cha kushoto. Kulikuwa na tundu jeusi chini ya kidole gumba. Alipovuta upinde, tete lilipasuka na kipande chake kikamwingia mkononi.

"Miwili mingine inatembea kama mutu anayetoka kunywa pombe ya kasiksi," alisema. "Lakini huu ungenitoa jicho. Mwambie mjomba wako."

Nilitazama lile tundu.

"Minye siwezi kumwambia. Alimtengenezea baba yangu mishale. Weye ni mtoto wake, mwambie kwa upole. Umesikia?"

Niliitikia kwa kichwa. Akaondoka, akaiacha ile mitatu.

Nilikuwa na siku nzima ya kutafuta maneno. Mjomba, macho yako. Mjomba, labda mimi ninyooshe na wewe ufunge. Hilo la mwisho lilikuwa neno zuri, na lilikuwa rahisi, na kama ningelisema habari hii isingekuwapo. Walirudi kutoka kanisani, mjomba ameshika bega la mkewe, akiwa na furaha. Padri alimsalimia kwa jina la kazi yake mbele ya watu. "Wananiita fundi bado," alisema. Nikachukua ile mishale mitatu, nikaivunja juu ya goti, nikaiweka chini ya sufuria ya maharage.

Tangu siku hiyo nilifanya hivi. Mjomba alifanya kazi asubuhi. Mishale aliyoimaliza aliniagiza niilaze juu ya dari ya jikoni ikauke siku nne. Saa za mchana yeye hulala, na mkewe huenda shambani. Hapo nilikaa nyuma ya jiko na kutengeneza mingine, idadi ileile, kwa matete mengine. Nilinyoosha kwa macho yangu mawili mazima. Nilifunga kwa mkono wa kushoto, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuutua juu ya goti, na kwa sababu kwa kushoto mshale wangu ulikuwa mzuri. Siku ya nne nilishusha yangu, nikampelekea jirani mwenyewe. Yake ilikuwa imekwisha kwenda motoni.

Siku za kwanza nilikosea jambo. Tete zima likiungua, hewa ya ndani hupasua kifundo, nalo hulia kama mtu anayevunja kidole. Vifundo saba, milio saba. Mjomba aliamka akauliza kutoka chumbani: "Nini inalia jikoni?"

"Matete ya ua," nilisema. "Yale yaliyooza."

"Yaliyooza hayalii hivyo," alisema, akalala tena.

Baadaye nikawa nayapasua kwa kisu kabla ya kuyachoma, na hayakulia tena.

Mke wa mjomba alijua. Siku moja alirudi mapema akanikuta na kisu, tete limepasuliwa, kano ya mjomba imening'inia. Alisimama na jembe begani. Nilidhani atanifokea. Alisema tu, "Mwanangu, haya matete yanachemsha maharage haraka," akapita. Tangu hapo sijui nani kati yetu alikuwa akimficha nani.

Msimu wote ulipita hivyo. Jirani alifurahi. Kiganja chake kilipona, akadhani nimesema, na mjomba amepata njia yake ya kuona kwa vidole. Hakuniuliza. Mjomba naye alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimewahi kumwona nayo. Aliimba akiwa kwenye makaa. Aliwaambia watu wa njiani kwamba macho ni kitu cha ziada, kazi iko ndani ya mikono. Mimi niliketi kando yake nikitafuna kano, nikimsikiliza, na kano ilikuwa na ladha ya nyama iliyolala.

Nafikiri angeweza kufa akiamini hivyo. Nilikuwa nimeanza kulitumaini jambo hilo, na naona haya kuliandika.

Ilikuwa karibu na mwisho wa mvua. Jirani aliingia uani mchana, kabla mjomba hajalala, akiwa na kanga wawili wamefungwa miguu kwa jani la mgomba, na mshale mmoja wenye damu.

"Muzee! Wawili, kwa mushale mumoja! Sijaona jambo kama hili!"

"Sema uliokota wamekufa," mjomba alisema, lakini alikuwa akicheka mpaka mabega yanatikisika.

"Mmoja alipigwa, mwenzake akajiingiza nyuma yake. Mkono wako umerudi ujana, muzee. Na minye nilikuwa nimekata tamaa! Tangu nilipomtuma huyu kijana akuambie habari ya ule uliopasuka, sijapata hata mumoja mbaya."

Mjomba aliendelea kucheka kidogo, kama gurudumu linavyoendelea baada ya baiskeli kusimama.

"Akuambie nini?" aliuliza.

Jirani alinitazama. Nilitazama chini. Akaelewa, nikamwona anaelewa, akawaweka kanga chini.

"Nipe huo mushale," mjomba alisema.

Alipewa. Aliupitisha vidole tangu kwenye ncha, akapita mti mgumu, akafika mahali mti unapoingia kwenye tete. Hapo kidole gumba kilisimama. Kilirudi nyuma kikapita tena. Akaenda kwenye manyoya, kwenye fungo la juu na la chini. Alifanya polepole sana. Kuku walikuwa wakiwadonoa wale kanga, na hakuna aliyewafukuza.

"Huu umefungwa kwa kushoto," alisema.

Akaulaza mshale chini.

"Leta ile ya darini."

Niliipanda ngazi. Kulikuwa na mishale mitano. Aliishika mmoja mmoja, hakuhitaji zaidi ya mguso, akaiweka upande mmoja wa goti lake. Wa tano alipouweka alibaki na mkono hewani, akisubiri wa sita.

"Imekwisha," nilisema.

"Hii yote ni yako."

"Ndiyo, mjomba."

"Yangu iko wapi?"

Mkewe alikuwa ametoka jikoni, anafuta mikono kwenye kitenge. "Baba, acha mtoto," alisema.

"Namuuliza yeye. Yangu iko wapi?"

"Niliichoma."

"Yote?"

"Yote."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za kwanza."

Aligeuza uso kuelekea jikoni. Nilijua anasikia nini. Alikuwa akirudi nyuma, mlio kwa mlio, mpaka siku ile alipoamka kitandani akauliza.

"Yaliyooza hayalii hivyo," alisema, si kwangu.

Jirani aliaga kwa sauti ya chini, akaacha kanga mmoja, na akasahau mshale. Mjomba hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu, na aliliuliza kwa heshima, kama mtu anayeomba maji kwenye nyumba asiyoijua.

"Mpwa wangu, hakuna hata mumoja uliobaki? Nataka kuushika nijue ulikuwa namna gani."

Nilipekua jikoni. Nilipekua majivu, nikijua ni upuuzi. Nilitazama juu ya dari, nyuma ya kuni, chini ya kitanda changu. Nilikuwa nimefanya kazi safi. Wa mwisho wake, alioumaliza juzi yake tu, nilikuwa nimeuchoma asubuhi ile ile chini ya uji wake.

Nilirudi nikamwambia hakuna.

"Basi," alisema.

Kesho yake hakuwasha makaa. Nilimwekea matete, kisu, na kano iliyolowa, nikaketi kando yake nikasema maneno niliyopaswa kuyasema tangu mvua za kwanza: mimi ninyooshe, wewe ufunge. Niliyasema vizuri, bila kukwama. Aliusogeza mkono mpaka akaukuta wangu wa kushoto, akaushika. Nilidhani atautua juu ya goti na kuupigapiga. Aliushika tu, akaupima kwa vidole vyake, mfupa kwa mfupa, kama alivyopima ile mishale, kisha akauachia.

"Uko na mkono mzuri," alisema. "Fanya kazi yako."

Hajashika kisu tena. Watu wakija, mimi ndiye ninayetoka. Wanasema, "Tumekuja kwa mishale ya muzee," na inanibidi niseme kwa sauti, naye anasikia kutoka ndani, kwamba ni yangu. Kila mara nasema kwa shida. Nimejaribu kufunga kwa kulia, kama anavyofunga mtu chupa. Inatoka mibaya, nami nikamwekea mmoja karibu na kiti chake, ili siku moja kidole chake kikiupata kikute kano imezunguka upande wao. Sijui kama ameugusa. Bado uko palepale, una vumbi.

Mwezi uliopita nilimfuata jirani nikamwomba anionyeshe tena yule mzee wa Apache. Nilitaka kuangalia upande wa kano, nimletee mjomba jibu alilolitaka. Jirani aliitafuta video ile kwenye simu yote. Alikuwa ameifuta; nafasi ilijaa, alisema, na akaomba radhi, na tukasimama pale tukitazama kioo kitupu.

Sasa tunapikia kuni za kawaida. Naachilia matete mabovu yaoze nyuma ya ua, siyachomi hata kidogo. Lakini hata kuni, zikiwa mbichi, mara nyingine hulia. Kijiti kimoja kinapasuka chini ya sufuria, mlio mdogo tu, na mjomba, popote alipoketi, anageuza kichwa kuelekea jikoni na kusubiri kama kuna mwingine.